Bushi nne za boksi moja: kisa cha wishboni zilizochakaa ndani ya miezi minne

Kisa hiki ni cha gari lililobadilishwa bushi za wishboni za mbele, yaani vipande vya mpira na chuma kwenye mikono inayoshika magurudumu kwa chini, zikafa kabla ya miezi minne kwisha, likaja kwetu. Nimekiandika kwa ajili ya vijana wanaojifunza kazi ya miguu ya gari, na kwa wenye magari ya umri ambao kila spea ikifa mapema wanaambiwa ilikuwa feki. Majina ya mwenye gari, gereji ya kwanza na maduka nimeyaondoa. Bei ni zile alizolipa yeye, kwa shilingi.

Gari na mwenye gari

Ni mwalimu wa sekondari, mama aliyebakiza miaka michache astaafu. Anaishi Kinyerezi, Dar es Salaam, anafundisha Ilala. Gari lake ni Toyota sedani ya 2001, injini ya cc 1500, giaboksi otomatiki, lililoingia nchini likiwa limeshatumika Japani. Siku linafika kwetu dashibodi ilisoma kilomita 187,000. Ni gari ambalo ukisimama Tabata Relini dakika mbili yatakupita mengi ya aina yake, na spea zake hazikosekani kwenye maduka ya spea ya Gerezani.

Sehemu kubwa ya safari yake ni lami. Kinachoumiza gari ni ile kilomita moja na nusu ya kuingia nyumbani: udongo, mawe yaliyoachwa wazi na mvua, na matuta ambayo wakazi wameyajenga wenyewe kwa kifusi. Anapita hapo asubuhi na jioni, masika na kiangazi.

Mguu wa mbele wa gari hili ni wa mfumo wa MacPherson. Shokapu na springi vimesimama pamoja juu, na chini kuna wishboni moja kila upande, yenye umbo la herufi L. Wishboni inashikwa na krosimemba, boriti ya chuma iliyo chini ya injini, kupitia bushi mbili. Ya mbele ni ndogo na bolti yake imelala. Ya nyuma ni kubwa na bolti yake imesimama wima. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hiyo ya bolti kulala na bolti kusimama, maana ndiyo iliyotufumbua macho.

Alikoanzia

Mwezi wa kwanza gari lilianza kugonga mbele, upande wa kushoto zaidi. Gereji ya karibu na kwake walilisikiliza likiwa limesimama, wakabonyeza boneti mara mbili tatu, wakasema shokapu zimekwisha. Akanunua jozi ya mbele kwa 220,000, akalipa ufundi 40,000. Gari likaendelea kugonga vilevile.

Mwezi wa pili akarudi. Safari hii wakasema ni bushi, na safari hii walikuwa sahihi. Wakanunua bushi nne, zote za boksi la aina moja kutoka duka moja, kwa 80,000. Wishboni zikashushwa, bushi za zamani zikatolewa, mpya zikaingizwa, ufundi 60,000. Alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa magurudumu, hawakumtajia na yeye hakujua kwamba inahitajika. Gari likanyamaza. Alifurahi, aliniambia, akaona sasa amepona.

Mwezi wa tano, masika yakiwa yanaishia, kugonga kukarudi. Ukifunga breki gari lilivuta kushoto. Mwezi wa sita kijana wa kujaza upepo akamwonyesha kwamba tairi zote mbili za mbele zimelika ukingo wa ndani, kushoto karibu waya zionekane. Ndipo akaja kwetu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba baba. Nimekuja unisaidie. Nimeshalipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja."

Alikuwa amezihifadhi spea zote za zamani na risiti kwenye buti ya gari, zimefungwa kwenye mfuko wa sandarusi. Hilo lilitusaidia kuliko maelezo yoyote. Zile shokapu za mwanzo tulizitoa tukazipima kwa mkono: hazikuwa zinavuja, fimbo inarudi yenyewe polepole kama inavyotakiwa. Kwa macho yangu zilikuwa bado zina maisha. Zile 260,000 zilitibu kitu ambacho hakikuwa kinaumwa.

Uchunguzi

Sikugusa spana kabla ya kulipanda. Tulizunguka naye mtaa wa nyuma ya gereji, nikamwomba aendeshe mwendo wa mtu anayetembea, akanyage breki, aachie, akanyage tena. Kila akikanyaga: kong. Akiachia: kong nyingine, ndogo. Tukarudi rivasi, hivyohivyo. Sauti ya namna hii, inayokuja mara moja breki inaposhika na mara moja inapoachia, inasema gurudumu linasogea mbele na nyuma mahali ambapo halitakiwi kusogea. Shokapu haifanyi hivyo. Shokapu iliyokufa utaijua kwa gari kuendelea kuyumba baada ya tuta.

Ili tusirudie kosa la kukisia, tulifungua stabilaiza linki, vile vifimbo vya fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, pande zote mbili, tukalizungusha gari taratibu mtaa uleule. Sauti haikubadilika. Linki zikawa zimetoka kwenye orodha. Boljointi, maungio ya wishboni na gurudumu, tuliipima gari likiwa juu ya stendi, gurudumu linaning'inia, mmoja anatikisa juu na chini, mwingine ameweka kidole kwenye maungio. Imekaza. Rakiendi, maungio ya usukani na gurudumu, nayo imekaza.

Kisha mtaimbo. Tuliuingiza kati ya wishboni na krosimemba, tukasukuma kwa nguvu ya mkono mmoja tu. Bushi ya mbele kushoto ikafunguka kama mdomo. Mpira ulikuwa umechanika mviringo, karibu nusu ya duara, na ndani ya ufa chuma kilikuwa kinang'aa kwa kugongana. Ya mbele kulia ilikuwa na ufa wa umbo hilohilo, mahali palepale, ila mfupi. Ya nyuma kushoto haikuwa na ufa wowote, ilikuwa imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole inabonyea kama mkate, na kidole kinatoka na utando mweusi unaonata. Juu yake kidogo tukaona chanzo: raba ya sivijointi ya kushoto, yaani kifuniko cha maungio ya ekseli inayozungusha gurudumu, ilikuwa imepasuka na kurusha grisi kila gurudumu linapozunguka, sehemu kubwa ikiangukia hapo.

Ya nyuma kulia ilikuwa nzima. Haina ufa wala uvimbe.

Hapo nikasimama. Bushi nne, duka moja, boksi la aina moja, siku moja, barabara moja. Zingekuwa feki, kwa nini moja ipone? Na kwa nini zile mbili za mbele zife kifo kimoja, kwa ufa uliochorwa sehemu ileile?

Jaribio la mstari mweupe

Gereji yetu ina shimo, kwa hiyo tuliweza kuingia chini gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake manne. Nilichukua tipeksi nikachora mstari mwembamba upande wa kulia, kuanzia ukingo wa bomba la ndani la bushi ya mbele hadi kwenye krosimemba. Nilichagua kulia kwa sababu mpira wa huko ulikuwa bado una nguvu kidogo. Halafu nikamwambia kijana wetu alegeze bolti, taratibu, bila kuitoa.

Nati ilipopoteza nguvu, bomba liliruka. Tulilisikia na tukaliona. Nusu ya mstari iliyokuwa kwenye bomba ilihama, ikaachana waziwazi na ile ya kwenye krosimemba.

Gari lilikuwa limesimama kimya, halijaendeshwa kwa saa nzima, na mpira ule ulikuwa bado umepindwa kama nguo inayokamuliwa. Ulikuwa hivyo usiku na mchana tangu mwezi wa pili.

Hili ndilo jambo zima, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Bushi ya mpira ni vitu vitatu vilivyoganda kuwa kimoja: koti la chuma la nje, mpira, na bomba dogo la chuma la ndani ambamo bolti inapita. Mpira umeunganishwa na chuma kiwandani. Koti la nje linabanwa na wishboni. Bomba la ndani, ukishakaza bolti, linabanwa na krosimemba. Hapo katikati hakuna kinachozunguka. Wishboni inapopanda na kushuka, mpira ndio unaojipinda, kisha unarudi. Watu wengi, na mafundi wengi, wanaichukulia bushi kama beringi, kwamba bolti ni kama ekseli na bushi inazungukia juu yake. Ndiyo maana mtu anatia grisi, na ndiyo maana haoni tatizo la kukaza popote.

Sasa fikiria gari liko juu ya jeki. Gurudumu halina mzigo, wishboni inaning'inia, imeelekea chini. Fundi anaweka bushi mpya na kukaza bolti mpaka mwisho. Mpira umetulia, haujapindwa, lakini umetulia katika hali ya wishboni kuning'inia. Unashusha gari. Uzito unaishusha bodi, wishboni inapanda kiasi chake, na bomba la ndani haliwezi kufuata kwa sababu limebanwa. Mpira unajipinda na kubaki umejipinda gari likiwa limeegeshwa tu. Ukigonga tuta, wishboni inapanda zaidi, na mpira unaongezewa msokoto juu ya ule ulionao. Nusu ya uwezo wake imeshatumika kabla gari halijatoka getini. Unachanika, na unachanika sehemu ileile kwa pande zote mbili, kama tulivyoona.

Bushi ya nyuma, kwa sababu bolti yake imesimama, haisokotwi hivyo na kupanda kwa wishboni. Inabonyezwa na kuinamishwa. Ukiikaza gari likiwa hewani madhara yake ni madogo. Ndiyo maana ile ya kulia ilipona. Ya kushoto ingepona pia kama isingemwagiwa grisi, kwa sababu mpira wa aina hii ukilowa mafuta unayanywa, unavimba na kulainika mpaka hauwezi tena kushika kitu.

Kwa hiyo bushi tatu zilikufa kwa sababu mbili. Mbili ziliuawa na mahali pa kukazia, moja na mafuta.

Maamuzi

Tulikaa na mwalimu kwenye benchi tukampa picha kamili. Alikuwa na 250,000 ya kutumia mwezi ule, na tairi mbili za mbele zilikuwa zinamsubiri nyuma ya hiyo.

Kulikuwa na njia nne za kuzipata bushi. Ya kwanza, wishboni nzima za mtumba kutoka Japani. Zinapendwa kwa sababu zinaitwa jenuini, na kweli chuma chake ni kizuri, lakini mpira wake una umri wa gari lililochinjwa. Mpira unazeeka hata ukiwa rafuni. Nikamshauri aziache. Ya pili, bushi za poliyurethani, zile za rangi, za plastiki ngumu badala ya mpira. Duka moja Gerezani walikuwa nazo. Ni ngumu, zinadumu, na zenyewe zinazunguka kweli kwenye bomba lake, kwa hiyo zinahitaji grisi maalumu ya silikoni kila baada ya muda. Kwenye barabara ya vumbi kama yake zingeanza kulia, na kila jiwe angelisikia kwenye usukani. Kwa gari la mashindano sawa, kwa mwalimu anayekwenda kazini hapana.

Tukabaki na mbili: bushi peke yake, au wishboni mpya nzima yenye bushi ndani. Hapo wishboni yenyewe ndiyo iliyoamua. Ya kushoto, jicho la bushi ya mbele, yaani tundu ambamo bushi inakaa, lilikuwa na alama za patasi na limepoteza mviringo wake. Bushi ya zamani ilitolewa kwa nyundo badala ya presi. Ukiingiza bushi mpya kwenye jicho la namna hiyo, koti la nje halibanwi sawasawa na linaweza kuanza kutembea. Kwa hiyo kushoto wishboni mpya nzima, 85,000. Kulia jicho lilikuwa zima, tukaamua bushi ya mbele peke yake, 25,000.

Na bushi ya nyuma kulia? Ilikuwa nzima, ina miezi minne. Mwalimu aliuliza kama tuibadilishe wakati mguu umeshafunguka. Nikamwambia tuiache, tuokoe hela. Uamuzi huo ni wangu na nitaurudia hapo chini.

Raba ya sivijointi na grisi yake, 20,000. Hilo halikuwa na mjadala. Kuweka wishboni mpya chini ya raba iliyopasuka ni kumtupia hela mtaroni.

Kazi yenyewe

Kabla ya kuinua gari nilipima kwa futi, gari likiwa chini, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Sentimita 37 kushoto, 37 na nusu kulia. Nikaandika kwenye kigae cha ukutani. Namba hizo ndizo zinazokuambia gari likiwa limesimama kwa uzito wake wishboni iko wapi, na zinachukua dakika moja tu kuzipata.

Gari likapanda kwenye stendi mbili, jeki ikabaki kama msaada. Nalisema hili kwa vijana: kila mwaka nasikia habari ya mtu aliyeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na sitaki kuisikia kutoka kwenu.

Upande wa kushoto ulitula nusu ya siku. Kwenye gari hili giaboksi inaziba njia ya bolti ya mbele kushoto. Ukiirudisha nyuma inagonga kabla haijatoka. Tukategemeza injini kwa jeki ya pili na kipande cha mbao, tukalegeza krosimemba na kuishusha kidogo, bolti ikapata nafasi. Nadhani hapa ndipo gereji ya kwanza walipopata hasira na kuchukua patasi.

Kulia tuliitoa bushi ya mbele kwa presi, kwa kipande cha chuma cha mviringo chenye kipenyo kinachosukuma koti la nje peke yake. Jicho tukalisafisha kwa msasa laini. Mpya ikaingia kwa sabuni ya maji na presi, hakuna grisi. Sabuni inakauka na kuiacha bushi imeshika. Grisi inabaki pale na kuula mpira.

Tulirudisha kila bolti kwa kukaza kwa mkono, iguse tu, isibane. Hapo ndipo kijana wetu, aliyetoka chuo mwaka jana tu, alipochukua spana ndefu kwa mazoea, nikamzuia mkono. Tulirudisha magurudumu, tukashusha gari juu ya shimo, tukalibonyeza mbele mara kadhaa, tukalisukuma nyuma na mbele ili miguu itulie. Futi ikasoma 37 na 37 na nusu. Ndipo nikaingia shimoni na kukaza bolti zote kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Halafu tipeksi: mstari kutoka ukingo wa bomba hadi krosimemba, pande zote mbili.

Gereji isiyo na shimo bado inaweza. Gari likiwa kwenye stendi, weka jeki chini ya wishboni, karibu na boljointi, inua taratibu mpaka futi isome ile namba uliyoiandika mwanzo. Kaza hapo. Inataka uangalifu, gari lisije likanyanyuka kutoka kwenye stendi.

Ufundi wetu ulikuwa 90,000. Alaimenti, siku ya pili yake, 30,000. Fundi wa alaimenti alikuta magurudumu ya mbele yamefunguka kwa mbele, yaani yanatazama nje, na ndiyo yaliyokuwa yanakula tairi ukingo wa ndani. Jumla 250,000 kamili.

Matokeo

Kugonga kulikwisha siku hiyo. Kuvuta kushoto kulikwisha. Mwezi uliofuata mwalimu alinunua tairi mbili, na zikaanza kulika sawasawa.

Baada ya miezi kumi alirudi. Kulikuwa na sauti ndogo kulia, akipita tuta kwa pembe. Niliingia shimoni na tochi. Bushi ya nyuma kulia, ile niliyoiacha, ilikuwa na nyufa za kuzunguka na imeanza kuachana na koti lake. Ilikuwa imekaa miezi kumi na minne kwa jumla. Tukaibadilisha: spea 30,000, ufundi nikachukua 20,000 badala ya 50,000, maana nilijiona nina deni.

Leo ni miezi kumi na minane tangu kazi yetu, kilomita 14,000 na ushee. Bushi za mbele hazina ufa. Mistari ya tipeksi imefifia kwa tope lakini imenyooka.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni mwalimu kutunza spea za zamani na risiti. Bila mfuko ule nisingejua kwamba bushi zote zilitoka boksi moja, na bila kujua hilo ningefuata njia rahisi na kulaumu duka. Ningemuuzia za bei ghali zaidi, ningezikaza labda gari likiwa hewani kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe nikiwa kijana, na angerudi baada ya miezi sita. Mafundi wenzangu, dai risiti, na mrudishie mteja spea zake za zamani kila mara, hata asipoziulizia.

Kumlaumu aliyeuza kuna sura mbili katika kisa hiki. Kwa bushi za mbele, mpira haukuwa na kosa. Lakini ile ya nyuma kulia haikuumizwa na mahali pa kukazia, haikupata mafuta, na bado ikafa kwa miezi kumi na minne. Bushi nzuri kwenye barabara ileile ingekwenda mbali zaidi. Kwa hiyo spea dhaifu ipo kweli mjini, sikatai. Ninachokataa ni kuitaja kabla ya kuichunguza, kwa sababu ukishasema feki, uchunguzi unaishia hapo na kosa la mkono linabaki palepale likisubiri gari lijalo.

Kosa langu ni la hesabu. Niliona bushi ya 30,000 na nikataka kumwokolea, nikasahau kwamba kwenye mguu wa gari gharama kubwa ni kufungua. Mguu ulikuwa umeshafunguka na wishboni iko mezani. Kuiweka siku ile kungemgharimu bei ya spea tu. Mteja aliniuliza swali sahihi na mimi nikampa jibu lisilo sahihi. Tangu hapo, wishboni ikishuka, bushi zake zote mbili zinabadilishwa, isipokuwa mteja mwenyewe akatae baada ya kuelezwa.

Kwenye utambuzi, gereji ya kwanza waliponzwa na kulisikiliza gari likiwa limesimama. Mguu unasema ukweli wake breki inaposhika. Mzunguko mmoja wa mtaa, dakika tano, ungemwokolea mwalimu 260,000 za shokapu.

Kuhusu alaimenti, naiona kama sehemu ya kazi ya bushi, sio ziada. Ukishusha wishboni, na hasa ukigusa krosimemba, magurudumu hayarudi yalipokuwa. Fundi asiyeitaja anamwachia mteja bili ya tairi.

Mwalimu aliniomba nimpigie simu fundi wa gereji ya kwanza, si kwa kugombana, ila ajue. Nilimpigia. Akanisikiliza, akasema amekaza bushi kwa jeki zaidi ya miaka kumi na tano na wateja hurudi mara chache. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe, na gari la mteja wake alilolimaliza siku mbili kabla. Tuliliweka juu ya shimo. Nikampa tipeksi, akachora, akalegeza nati kwa mkono wake. Bomba likaruka, likahama kuliko lile la mwalimu, kwa sababu mpira ulikuwa bado mpya na una nguvu zote. Akakaa shimoni muda, tochi mkononi. Akakaza upya pande zote mbili palepale, gari likiwa chini. Kabla hajaondoka alikuwa ameshawapigia simu wateja wengine wawili, awaambie wapitie gereji Jumatatu, hawatalipa kitu.